Historia fupi ya kosa la sintaksia, na jinsi ya kulirekebisha

Leo tunaweka kando habari za simu mpya na bei za bando, tunarudi kwenye Python. Karibu kila anayeanza lugha hii huuliza swali moja: "Hii invalid syntax ni kitu gani, na mbona haitoki?" Jibu la haraka ni kwamba kuna alama au neno mahali pasipofaa. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 60, na inafaa kuijua kwa sababu moja kubwa: ukishaijua utaacha kujilaumu bure. Wako watu walioacha kuandika programu wakiamini vichwa vyao ni vizito, kumbe ujumbe waliokuwa wakiusoma ndio uliokuwa na kasoro. Wenye lugha wenyewe walikuja kuuandika upya.

Angalizo dogo kabla hatujaanza. Nitasema "msimbo" kwa kile ambacho wengi wetu tunakiita kodi, mtu asije akadhani tunazungumzia KRA.

Sintaksia ni nini hasa?

Kama ulisoma Kiswahili sekondari hapa Kenya, unakumbuka yale maswali ya kuchanganua sentensi. Unapewa "Mtoto mdogo analia", unaandika S, unaigawa kuwa KN na KT, kisha KN unaivunja kuwa N na V, na chini ya KT unaweka T. Mwalimu akitaka kielelezo cha matawi, unachora mti uliopinduka kichwa chini. Basi hiyo ndiyo kazi ambayo Python inaifanya kila unapoendesha programu. Inasoma maandishi yako, inayakata vipande vidogo vinavyoitwa tokeni (majina, namba, alama), kisha inajaribu kuvipanga kwenye mti kwa kufuata sarufi yake. Sehemu ya Python inayofanya kazi hiyo nitaiita kichanganuzi. Mti ukikataa kusimama, hapo ndipo unapopata kosa la sintaksia.

Tofautisha hilo na makosa mengine. "Meza imemla mwalimu" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, ingawa haina akili. Kwenye Python, kugawanya namba kwa sifuri ni kosa la aina hiyo: sarufi iko sawa, tatizo linaonekana wakati programu inakimbia. "Meza mwalimu ime la" haifiki hata huko. Ndiyo maana ukiwa na faili la mistari 900 na kosa la sintaksia liko mstari wa 900, hata mstari wa kwanza hautaendeshwa. Python huchanganua faili zima kwanza, kisha ndipo ianze kazi.

Koma moja mwaka 1957

Turudi nyuma. Aprili 1957, maabara ya Westinghouse-Bettis karibu na Pittsburgh, Marekani, ilipokea furushi la kadi za kutobolewa kutoka IBM. Ndani yake mlikuwa na kompaila ya FORTRAN, ile ambayo timu ya John Backus ilikuwa imeihangaikia kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Watu wa maabara wakaamua kuijaribu papo hapo kwa programu ndogo waliyokuwa nayo. Hii inahesabiwa kuwa mara ya kwanza FORTRAN kutumika na mteja nje ya IBM.

Unajua kilichotokea? Kosa la sintaksia. Ila hebu sikia ujumbe uliotoka kwenye mashine ya kuchapa: ulisema kuna kosa katika programu, ukataja aina ya amri iliyokosewa, kisha ukaeleza kwamba bano la kulia halikufuatwa na koma. Wakaongeza koma, wakarudisha kadi, programu ikakimbia.

Soma tena hapo. Mwaka 1957, kwenye mashine yenye ukubwa wa chumba, mtumiaji wa kwanza kabisa aliambiwa ni alama gani imekosekana na mahali pake. Miaka 60 baadaye, mwanafunzi mwenye laptopu aliyesahau nukta mbili kwenye Python aliambiwa maneno mawili tu: invalid syntax. Tulirudi nyuma vipi?

Sarufi nzuri, ujumbe mbaya

Kompaila ya kwanza ya FORTRAN iliandikwa kwa mkono. Kila aina ya amri ilikuwa na kipande chake cha msimbo kilichojua umbo la amri hiyo. Kipande hicho kikikosa koma kiliyoitarajia, aliyekiandika alikuwa tayari amekifikiria kisa hicho na kukiwekea maneno yake.

Njia hiyo ilikuwa na mzigo. Lugha ikikua, msimbo wa kuichanganua unakuwa msitu. Miaka hiyohiyo ya 1950 Noam Chomsky alikuwa akieleza sarufi za lugha za binadamu kwa kanuni kama za hesabu, na mwaka 1959 Backus akatoa namna ya kuandika sarufi ya lugha ya kompyuta kwa kanuni fupi fupi. Peter Naur wa Denmark akaiboresha katika ripoti ya lugha ya ALGOL mwaka 1960, ndiyo sababu tunaiita BNF, yaani Backus na Naur. Mwaka 1965 Donald Knuth akaonyesha namna ya kuchanganua kundi kubwa la sarufi za aina hiyo bila kurudi nyuma. Sasa ikawezekana kuandika sarufi kwenye ukurasa mmoja au miwili na kuiachia programu nyingine itengeneze kichanganuzi chenyewe. Programu mashuhuri ya namna hiyo ni Yacc, iliyoandikwa na Stephen Johnson kwenye maabara ya Bell miaka ya 1970.

Ni kazi safi sana. Lakini kichanganuzi cha namna hiyo ni jedwali. Kinajua kwamba nikiwa hapa, tokeni hizi zinaruhusiwa na zile haziruhusiwi. Hakijui ulikuwa unataka kusema nini. Kikikwama, neno lake ni moja, na Yacc ililiandika hivi bila kuongeza chumvi: syntax error. Anayetaka zaidi ya hapo ilibidi ajitafutie.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Pale Chuo Kikuu cha Cornell, Richard Conway na Thomas Wilcox walitengeneza kompaila ya PL/C kwa ajili ya wanafunzi, wakaieleza kwenye makala ya mwaka 1973. Zama hizo mwanafunzi alikabidhi kadi zake, akaondoka, akarudi baadaye kuchukua majibu. Kurudi na kukuta umeangushwa na koma moja kulikuwa kupoteza siku. Basi PL/C ilijaribu kurekebisha kosa yenyewe, ikakuandikia ilichobadilisha, kisha ikaendelea. Wale waliuona muda wa mwanafunzi kuwa ni gharama ambayo kompaila inapaswa kuihesabu.

Hata hivyo tusiulaumu sana ukali. Upole wa kupita kiasi nao una hatari. FORTRAN ya zamani haikujali nafasi kati ya herufi. Ukitaka kurudia amri mara kumi uliandika DO 10 I = 1,10. Ukiteleza ukaweka nukta badala ya koma, DO 10 I = 1.10, kompaila haikulalamika hata kidogo. Ilisoma jina DO10I, ikaliweka thamani 1.10, ikaendelea na safari. Kitanzi kimetoweka na hakuna aliyekuambia. Kosa linalopigiwa kelele ni afadhali mara mia kuliko kosa linalopita kimya.

Nukta mbili zilizotoka Poland

Sasa tuingie kwenye ukoo wa Python. Kabla yake kulikuwa na lugha iitwayo ABC, iliyotengenezwa kwenye taasisi ya CWI kule Amsterdam, Uholanzi, na Leo Geurts, Lambert Meertens na Steven Pemberton. Lengo lilikuwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu ataiweza. Kutoka ABC ndiko Python ilikorithi desturi ya kujongeza mistari ndani badala ya kutumia mabano au maneno ya kufungua na kufunga.

Na zile nukta mbili za mwisho wa mstari, ambazo kila anayeanza huzisahau? Zina kisa chake. Mwaka 1978, katika kikao cha kubuni mtangulizi wa ABC, kwenye jumba moja huko Jabłonna, Poland, Meertens na wenzake Robert Dewar, Peter King na Jack Schwartz walikuwa wakishindanisha miundo mbalimbali ya sintaksia. Hawakuelewana. Wakaamua kumwita mke wa Dewar, ambaye alikuwa chumbani kwake, awape maoni ya mtu wa nje. Baada ya kuelezwa muundo wa kwanza alishangaa kusikia kwamba maagizo ya mstari wa kitanzi yanahusu mistari inayofuata pia, si mstari huo peke yake. Wasomi wale wakagundua kwamba nukta mbili mwishoni mwa mstari zingemwondolea utata huo.

Kwa kichanganuzi, nukta mbili hizo karibu hazina kazi, kwa maana kujongeza kunatosha kuonyesha kilicho ndani. Ziliwekwa kwa ajili ya binadamu anayesoma. Kumbuka jambo hilo siku utakayozisahau.

Krismasi ya 1989

Guido van Rossum alikuwa amefanya kazi kwenye mradi wa ABC. Desemba 1989, wakati wa likizo ya Krismasi, alianza kuandika lugha yake mwenyewe ili kujishughulisha, akaipa jina la kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Kipande cha kwanza alichokiandika kilikuwa pgen, programu ya kutengeneza kichanganuzi kutoka kwenye sarufi. Toleo la kwanza la hadharani, 0.9.0, lilitoka Februari 1991.

Pgen ilikuwa ya aina inayoitwa LL(1). Maana yake kwa lugha ya kawaida: kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mara kinachungulia tokeni moja tu mbele kabla ya kuamua. Hakirudi nyuma. Ni chepesi, kina kasi, na kinakaa kwenye kumbukumbu ndogo, na mashine za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu ya kuchezea. Lakini tazama kinavyofanya na msimbo huu:

alama = {"Kiswahili": 78, "Hisabati": 64,
jumla = 142

Kosa liko wapi? Mstari wa kwanza: bano halikufungwa. Sasa Python 3.8 ilisema hivi:

  File "alama.py", line 2
    jumla = 142
          ^
SyntaxError: invalid syntax

Mstari wa pili! Mwanafunzi anaukodolea macho mstari ambao hauna ubaya wowote. Anaufuta, anauandika upya, kosa liko palepale. Ilikuwaje? Ndani ya mabano Python haijali mwisho wa mstari, kwa hiyo ilipofika jumla ilidhani ni kitu kingine cha kuweka ndani ya orodha ile. Hilo linaruhusiwa. Baada yake ilitarajia nukta mbili, kama zilizopo baada ya "Hisabati". Badala yake ikakuta alama ya sawasawa. Hapo ndipo ilipokwama, na hapo ndipo ilipoweka kile kimshale. Mshale ulikuwa ukionyesha mahali mashine ilipochanganyikiwa, na wewe ukadhani unaonyesha mahali ulipokosea. Mara nyingi hapo ni pahali pamoja. Isipokuwa hivyo, unapoteza jioni nzima.

Miaka thelathini ya maneno mawili

Si kwamba hakuna lililofanyika katikati. Ndani ya Python ya zamani mlikuwa na visa vichache vya pekee. Kama kichanganuzi kilitarajia kujongeza na hakikukuta, kilikuambia. Kama umejongeza bila sababu, kilikuambia pia. Toleo la 2.0 la mwaka 2000 likayapa makosa hayo majina yake, IndentationError na TabError. Mengine yote yalibaki kwenye kapu la invalid syntax.

Suala la tabu (jina limejipa lenyewe) lilisumbua muda mrefu. Python 2 iliihesabu tabu moja kama kusogea hadi kituo kinachofuata cha nafasi 8. Kihariri chako kikiionyesha kama nafasi 4, mistari inaonekana imenyooka kwenye kioo ilhali Python inaiona imepinda. Mwongozo wa mtindo wa PEP 8, wa mwaka 2001, ulipendekeza nafasi 4 kwa kila hatua. Python 3 ilipokuja ikakataa kabisa kuchanganya tabu na nafasi kwa namna inayoleta utata. Waliotaka mabano kama ya lugha ya C walijibiwa kwa mzaha uliomo hadi leo. Andika from __future__ import braces na Python itakujibu: SyntaxError: not a chance.

Desemba 2008 ikatoka Python 3.0, na print ikageuka kuwa funksheni inayohitaji mabano. Vitabu na kurasa nyingi za mafunzo zilikuwa na print "Hello" bila mabano. Anayeanza ananakili kutoka kitabuni herufi kwa herufi, na anachopata ni invalid syntax. Kitabu kinasema hivi, mashine inasema vile, na hakuna anayemwambia kwamba matoleo mawili ya lugha yamepishana. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya kuongezwa ujumbe maalum unaosema mabano ya print yamekosekana.

Kichanganuzi kipya

Julai 2018 Guido alijiuzulu uongozi wa juu wa Python baada ya mabishano makali juu ya alama moja ya sintaksia, ile := iliyoingia kwenye toleo la 3.8 mwaka 2019. Watu walichoka. Lakini yeye hakuachana na sintaksia. Mwaka 2019 alianza kuandika hadharani juu ya kubadilisha kile kichanganuzi chake cha miaka 30, kwa kutumia mbinu ya PEG, ambayo Bryan Ford aliieleza kwenye makala ya mwaka 2004. Pamoja na Pablo Galindo na Lysandros Nikolaou wakaandika pendekezo la PEP 617, na kichanganuzi kipya kikaingia katika Python 3.9, Oktoba 2020.

PEG inaruhusiwa kurudi nyuma. Inajaribu njia ya kwanza, ikishindwa inarudi inajaribu ya pili, na inahifadhi ilichokwisha kuona ili isirudie kazi. Inakula kumbukumbu zaidi, lakini kwa mashine za leo hilo si neno.

Faida kubwa kwetu ilionekana kwenye 3.10, Oktoba 2021. Galindo na wenzake, akiwemo Batuhan Taskaya, walitumia ujanja mmoja mzuri, wakichukua mawazo mengine kutoka PyPy, ambayo ni intapreta nyingine ya Python. Kichanganuzi kinapita mara ya kwanza kwa sarufi ya kawaida. Programu ikiwa sahihi, kazi imekwisha na hakuna muda uliopotea. Ikikwama, kinapita mara ya pili kikiwa na kanuni za ziada, ambazo kazi yake ni kutambua makosa yanayojulikana. Yaani ndani ya sarufi ya Python sasa kuna sarufi ya makosa. Ni kama mwalimu aliyesahihisha insha kwa miaka mingi: akiona sentensi iliyovunjika anajua tayari mwanafunzi alitaka kusema nini, kwa sababu ameliona kosa hilo mara elfu.

Ule msimbo wetu wa alama, kuanzia 3.10, unapata jibu hili:

  File "alama.py", line 1
    alama = {"Kiswahili": 78, "Hisabati": 64,
            ^
SyntaxError: '{' was never closed

Bano hili halikufungwa kamwe, na mshale uko kwenye bano lenyewe. Ukisahau nukta mbili unaambiwa expected ':'. Ukiandika if alama = 50: unaulizwa kama ulimaanisha ==. Ukiandika [1, 2 3] unaulizwa kama umesahau koma. Toleo la 3.14, lililotoka Oktoba 2025, limefika mahali pa kukuuliza kama ulimaanisha while ukiandika whille.

Kwa maneno mengine, tumerudi ilipokuwa FORTRAN mwaka 1957, safari hii tukiwa na sarufi safi mkononi. Kilichokosekana kwa miaka yote ile kilikuwa mtu wa kukaa chini na kufikiria anayesoma ujumbe.

Sasa, kurekebisha

Historia hiyo inatupa mbinu zenyewe. Hizi ndizo ninazowapa wanaoanza:

1. Tazama toleo lako kwanza. Andika python3 --version. Kama liko chini ya 3.10, kupandisha toleo peke yake kutakusaidia kuliko ushauri wowote wa hapa. Mashine za maabara nyingi za shule huwa na toleo lililowekwa siku ya kufunguliwa na halijaguswa tena.

2. Soma mstari wa mwisho wa ujumbe kabla ya yote. Jina la kosa na maelezo viko huko. Kisha panda juu uone namba ya mstari na kimshale.

3. Mstari ulioonyeshwa ukiwa hauna kosa, panda mstari mmoja juu. Hesabu mabano na alama za mtajo. Sasa unajua sababu: mshale unaonyesha mahali kichanganuzi kilipokwama.

4. Rekebisha kosa moja, endesha tena. Python hukuonyesha kosa moja la sintaksia kwa wakati mmoja. Ujumbe ukibadilika au namba ya mstari ikisogea chini, hata kama bado ni mwekundu, umepiga hatua.

5. Ukikwama kabisa, weka alama ya # mwanzoni mwa mistari unayoishuku ili Python iiruke, kisha irudishe kidogo kidogo. (Kuwa mwangalifu: sehemu iliyojongezwa haiwezi kubaki tupu, weka neno pass.)

6. Usinakili msimbo kutoka kwenye Word au WhatsApp bila kuukagua. Alama za mtajo zilizopinda zinazopendeza kwenye barua si zile ambazo Python inazijua. Leo itakuambia herufi isiyofaa na namba yake, kwa mfano U+2018. Zifute, uziandike upya kwa kibodi.

Kisha kuna kosa moja letu wenyewe, ambalo vitabu vya ughaibuni haviwezi kukuonya. Andika hivi:

mnyama = 'ng'ombe'

Ritifaa ya ng' imefunga maneno kabla ya wakati wake. Python inaona 'ng', kisha jina ombe lisilojulikana limetoka wapi, kisha alama ya mtajo inayofunguliwa na haifungwi. Matoleo ya zamani yalisema invalid syntax na kuonyesha ombe. Ya sasa yanasema unterminated string literal na kuonyesha alama ya mwisho. Dawa ni moja: tumia alama mbili, "ng'ombe". Anayeandika programu yenye maneno ya Kiswahili na azoee alama mbili tangu siku ya kwanza, maana ng'ambo, ng'oa na ng'ara wanamngoja njiani.

Kilichobaki

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo watakaokutana na maandishi haya mekundu si wale wa vyuo vikuu tu, ni watoto wa madarasani. Ujumbe mpya wa Python ni mzuri, lakini ni mzuri kwa Kiingereza. Was never closed ni sentensi inayomsaidia anayeisoma bila kuhangaika. Kwa mtoto wa darasa la sita ambaye Kiingereza anakisikia darasani pekee, bado ni ukuta, tofauti ni kwamba ukuta umepakwa rangi.

Jumuiya ya Python iliweka mwaka 2017, kupitia PEP 545, utaratibu wa kutafsiri nyaraka zake rasmi, na Kifaransa, Kijapani na Kikorea vikatangulia. Ujumbe wa makosa wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza ndani ya msimbo wa Python. Lakini si lazima kusubiri Amsterdam wala Marekani. Makosa yanayompata anayeanza ni machache na yanajirudia. Programu ndogo inayokamata SyntaxError, ikasoma maneno yake, na kuchapa chini yake "Bano hili halijafungwa" au "Umesahau nukta mbili mwisho wa mstari" ni kazi ya wikendi mbili kwa mtu anayejua Python wastani. Mwalimu mmoja akiwa nayo, darasa zima linafaidika.

Kila mara ujumbe ulipoboreka kwenye historia hii, kuanzia Cornell hadi 3.10, palikuwa na watu waliokataa kusema kwamba mwanafunzi ndiye mwenye shida. Sisi tunawajua wanafunzi wetu, na tunajua ng'ombe anaandikwaje. Atakayeianza hiyo programu aniambie, nitaijaribu na nitaisema hapa. Mpaka wakati mwingine, fungeni mabano yenu.